Jagadish Chandra Bose na ukuta wa wadi

Nyumba ya shangazi yangu iko hatua chache kutoka uwanja wa Makadara, upande unaoelekea Mji wa Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha dhiraa moja. Anayetaka kuzungumza kwa simu ya mkono humo hutoka barazani, na hakuna anayeona ajabu, kwani waliozijenga walikuwa wakilikimbia joto tu. Ajabu kwangu ilikuwa kuyakuta mambo hayo hayo katika hospitali moja ya mjini Mombasa, jengo la zege na nondo, usiku niliokuwa nikimuuguza shangazi huyo. Majibu ya maabara yalikuwa yamekwisha kuingizwa katika tarakilishi ghorofa ya chini. Muuguzi wa zamu, ambaye kifaa cha kuyasomea alikuwa nacho mkononi, ilimbidi akimbilie ngazini ili mawimbi yamfikie, kisha arudi kwa mgonjwa. Alikwenda na kurudi mara tatu.

Nikiwa nimeketi pale nilimkumbuka mwalimu mmoja wa Calcutta ambaye wanafunzi wetu wa fizikia hawamsikii sana, ingawa jina la Marconi wanalijua tangu utotoni.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 katika Bengal ya mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza, na watu wa cheo chake waliwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Yeye alimpeleka mwanawe kwanza katika shule ya Kibengali, akaketi pamoja na mtoto wa mvuvi na mtoto wa tarishi wa baba yake. Mimi ni mtu wa isimu na yamkini nina upendeleo, lakini siwezi kulipita jambo hili kimya. Mwanasayansi huyu alikuja kuandika makala za elimu kwa Kibengali, na mwaka 1896 akatunga katika lugha hiyo hadithi ya kimbunga kilichotulizwa kwa chupa ya mafuta ya nywele.

Mwaka 1880 alisafiri kwenda London kusomea udaktari. Laiti afya yake ingalimruhusu, huenda angaliishia wadini kama madaktari wengine. Lakini maradhi yalimwandama, akaiacha tiba na kwenda Cambridge kusoma sayansi. Aliporudi nyumbani mwaka 1885 alipewa kazi ya kufundisha fizikia katika Presidency College, kwa mshahara wa chini kuliko ule wa Wazungu waliofanya kazi ile ile. Bose hakugoma. Alifundisha kila siku kama ilivyompasa, ila mshahara aliukataa kwa muda wa miaka mitatu, mpaka wakubwa wakakubali kumlipa sawa na wenzake pamoja na malimbikizo yote. Walimu wanaonisoma watanielewa nikisema kwamba sijui mgomo uliokuwa mgumu kuliko huo.

Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amekwisha kuthibitisha, katika miaka ya 1887 na 1888, kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani. Mawimbi yake yalikuwa marefu, na yalihitaji nafasi kubwa. Bose alikuwa na chumba kidogo tu chuoni, hivyo akayafupisha mawimbi hadi mengine yakawa na urefu wa milimita 5, na vyombo vyake vyote vikaenea mezani. Mwaka 1895, katika ukumbi wa mji wa Calcutta, aliwaonyesha watu jambo lililowashangaza. Mawimbi yalitoka upande mmoja, yakapita kuta na mwili wa Luteni Gavana wa Bengal aliyekuwa njiani, yakaliza kengele na kulipua baruti umbali wa futi zipatazo 75.

Wengi humsifu kwa kengele ile. Mimi namsifu zaidi kwa kazi ya kimya iliyofuata. Alichukua vitu vya kawaida, kimoja baada ya kingine, akapima kila kimoja huyafanya nini mawimbi: kioo, salfa, nyuzi za juti zilizosokotwa, hata kitabu cha ratiba ya treni alichokitia karatasi za bati baina ya kurasa. Hakudhani tu kwamba wimbi litapita kwa kuwa halionekani.

Hapo ndipo hospitali zetu zinapokosea. Mawimbi ya waifai yana urefu wa sentimita 12 hivi, au 6 hivi kwa yale ya kasi zaidi, na hayo mafupi ndiyo yanayoshindwa upesi na ukuta. Chuma huyarudisha yalikotoka. Chumba cha eksirei kimezungushiwa risasi, nayo haiyapishi. Maji huyameza, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo wadi iliyopimwa ikiwa tupu si wadi ile ile saa ya kutazama wagonjwa. Dawa yake inajulikana: antena ndogo ndogo katika dari ya kila ghorofa, zilizounganishwa kwa nyaya, baada ya fundi kupita chumba kwa chumba na kipimo mkononi. Naam, mtandao usio na waya hutegemea waya, na waya huo ni rahisi kuulaza kabla kuta hazijapigwa lipu. Mwaka 2009 nyaya kubwa zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, mmojawapo ukitoka Fujairah. Habari ikivuka bahari yote hiyo kisha ikashindwa na ukuta kati ya kitanda na ngazi, wa kuulizwa ni aliyeidhinisha ramani ya jengo.

Bose mwenyewe hakutafuta utajiri katika uvumbuzi wake. Mwaka 1901 mwenye kampuni moja ya simu za upepo alimsihi akubali hataza, akakataa. Ile ya Marekani aliyopewa mwaka 1904 aliipata kwa kushurutishwa na marafiki, akaiacha ikaisha muda. Baadaye aliyageukia mimea, akaunda chombo cha kupimia ukuaji wake, na mwaka 1917 akafungua taasisi ya utafiti katika mji wake wa Calcutta. Alifariki dunia tarehe 23 Novemba 1937 huko Giridih, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 79. Vyombo vyake vya mawimbi vimehifadhiwa katika taasisi hiyo, vidogo kiasi cha kuenea juu ya dawati la mwanafunzi.