Thieffry, mutu wa Bruxelles aliyekufa karibu na ziwa yetu

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama wenye kungojea nyumbani, kila mara ndege inapita juu ya Kalemie tunaulizana: inatoka wapi, itafika saa ngapi? Leo tunawahadisia mutu mumoja aliyepima njia ya namna hiyo kwa maisha yake.

Edmond Thieffry alizaliwa Etterbeek, mu Bruxelles, tarehe 28 mwezi wa 9, 1892. Alisoma sheria. Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani walimukamata, lakini akatoroka na pikipiki ya kuiba mpaka Hollande. Kisha akajifunza kurusha ndege. Mu mafundisho alivunja ndege nyingi, lakini mu vita akaangusha 10 za adui. Mwezi wa 2, 1918 akaangushwa yeye mwenyewe, akakamatwa tena.

Vita ilipoisha alifanya kazi ya avoka, lakini roho yake ilibaki angani. Tarehe 12 mwezi wa 2, 1925, aliondoka Bruxelles pamoja na rubani Léopold Roger na mekanisie Jef De Bruycker, mu ndege ya mota tatu. Walipita Ufaransa, Hispania, jangwa ya Sahara, Niger, Chad na Bangui. Tarehe 3 mwezi wa 4 walitua Léopoldville, ni kusema Kinshasa ya leo.

Muangalie hesabu: kilometa karibu 8 200, saa 75 na dakika 25 za kuruka. Lakini safari yote ilikula siku 51! Meli ya kutoka Antwerpen mpaka Matadi ilichukua kama wiki tatu tu. Siku zilipotea chini, kwa kutengeneza na kungojea. Leo ndege inayoenda moja kwa moja inatumia kama saa nane.

Thieffry hakuchoka. Mu 1929 alirudia Congo kutafuta njia za ndege za ndani ya inchi. Tarehe 11 mwezi wa 4 ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganyika. Alikufa na miaka 36, pamoja na Gaston Julien. Mekanisie wao alipona. Kule Etterbeek kituo cha metro kinaitwa kwa jina lake.

Siye wa sendika tunashika somo moja. Manono na Kalemie, kwa mustari wa ndege, ni kama kilometa 250 tu. Lakini mwenzetu akivunjika mguu mu shimo wakati wa mvua, barabara ya matope inahesabu siku, haihesabu saa.

Basi tukiketi na wakubwa wa kazi, tusiulize tu hospitali iko kilometa ngapi. Tuulize mugonjwa atatoka saa ngapi, atabebwa na nini, nani atalipa, na atafika siku gani. Na majibu iandikwe mu mkataba, mbele mutu hajaumia.