Pierre Curie, Mfaransa ambaye kazi yake ilifika hadi Katanga

Kila mama mjamzito anayepimwa kwa ekografi huko Lubumbashi anafaidika na ugunduzi wa Pierre Curie, aliyezaliwa Paris mwaka 1859.

Mwaka 1880, akiwa na miaka 21 tu, yeye na kaka yake Jacques waligundua kwamba jiwe la kwatzi likibanwa hutoa umeme. Baadaye mwanafunzi wake, Paul Langevin, alilitikisa jiwe hilo kwa umeme ili kutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Leo watafiti wanajaribu kuyaelekeza mawimbi hayo kwenye uvimbe wa kanseri, ili vichembe vilivyobeba dawa vifunguke hapo hapo, bila kuunguza mwili mzima.

Mwaka 1898 Curie na mke wake Marie waligundua radiumu. Aliijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, ikamtia kidonda. Ndipo madaktari wakaitumia dhidi ya kanseri. Wawili hao walikataa kujimilikisha njia ya kuitengeneza, ingawa pesa walizihitaji sana.

Tarehe 19 Aprili 1906 mkokoteni wa farasi ulimuua barabarani Paris. Kuanzia 1922, Union Minière du Haut-Katanga iliuza kwa bei kubwa radiumu iliyotoka katika mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kiwanda chenyewe kilijengwa Olen, Ubelgiji.