Padre Giuseppe Piazzi, Mgunduzi wa Ceres

Miongoni mwa mapadre walioitumikia elimu ya anga, Padre Giuseppe Piazzi ana nafasi ya pekee. Alizaliwa tarehe 16 Julai 1746 huko Ponte, kaskazini mwa Italia. Alijiunga na Shirika la Wateatini, akapewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1769. Baada ya kufundisha hisabati katika miji kadhaa, aliongoza uanzishaji wa kituo cha kuchunguza nyota mjini Palermo mwaka 1790.

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, akiwa katika kazi ya kuorodhesha nyota, aliona nukta hafifu. Usiku uliofuata ilikuwa imehama. Moyoni alihisi kuwa ni sayari, lakini kwa tahadhari alitangaza kwamba ameona nyota yenye mkia. Mwezi Februari aliugua, kisha mwanga wa jua ukaificha. Ingeweza kupotea kabisa, lakini vipimo vyake vilikuwa makini kiasi kwamba Mjerumani Carl Friedrich Gauss alivitumia kukokotoa njia yake, nayo ikaonekana tena mwishoni mwa mwaka huohuo. Piazzi aliipa jina Ceres.

Wengi waliipokea kama sayari kamili. Mwaka 1802 William Herschel alionesha kuwa ni ndogo mno, akaiita asteroidi. Leo twajua kuwa kipenyo chake ni kama kilometa 940, kupita kidogo umbali wa mstari mnyoofu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mwezi tunaouona juu ya Mbagala na Tegeta una kipenyo cha kilometa 3,474, yaani karibu mara nne tu. Lakini tungamo lake, yaani wingi wa maada iliyomo, ni kama mara 78 ya lile la Ceres. Kwa maana tufe likiongezeka upana huongezeka kimo na kina pia, tena Ceres ina barafu nyingi, ambayo ni nyepesi kuliko mwamba. Dunia nayo ina tungamo kama mara 81 ya lile la mwezi. Basi, jinsi mwezi ulivyo mdogo mbele ya dunia, ndivyo Ceres ilivyo mbele ya mwezi.

Padre Piazzi aliendelea kupima, na mwaka 1814 akatoa orodha ya nyota 7,646. Alifariki mjini Napoli tarehe 22 Julai 1826. Upadre wake haukumzuia kutafuta ukweli wa viumbe. Nasi tunapowafundisha watoto kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi, tusiogope kuwafundisha na vipimo vyake.