Maisha ya Marehemu Tom Mboya, Bwana Afya wa Jiji la Nairobi

Ni desturi ya kitabu hiki kwamba kabla ya hesabu za mwaka huwekwa habari za maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia. Mwaka huu tumemchagua marehemu Thomas Joseph Mboya. Wazee wetu watasema kuwa habari zake zajulikana na kila mtoto wa shule: safari za ndege za wanafunzi, uwaziri wake, na risasi za mwaka 1969. Ni kweli. Lakini sehemu inayotuhusu zaidi sisi wa Olympic na Kibera, na ndugu zetu wa Kawangware, ni ile miaka michache aliyokuwa mtumishi wa Halmashauri ya Jiji, akikagua mifereji na vyoo. Wako wanachama wetu wanaouliza kila mara pana faida gani kukaa kikao na maofisa wa kaunti juu ya barabara na maji machafu, iwapo shauri limekwisha kukatwa ofisini. Swali hilo ni la zamani kuliko wengi wetu wanavyodhani, na marehemu alipambana nalo akiwa kijana wa miaka 21.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara. Asili yao ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo Mjaluo huyu alikulia ugenini, akacheza na watoto wa makabila mengine na kuzijua lugha zao, na hilo lilimfaa sana baadaye katika mitaa ya Nairobi, ambamo mtu asiyejua ila lugha ya kwao hasikilizwi mbali. Alisoma katika shule za misheni: Kabaa, kisha Yala, kisha Mangu. Karo ikawa nzito kwa baba yake, kwani wadogo zake nao walihitaji kusoma, naye akaacha shule kabla ya kufika alikotamani.

Mwaka 1948 akaingia mafunzo ya mabwana afya. Sehemu ya mafunzo hayo yalikuwa Jeanes School, Kabete, si mbali na Kawangware, mahali ambapo baadaye pakawa chuo cha watumishi wa serikali. Wenzake wakamchagua kuwa rais wa baraza la wanafunzi. Alipohitimu, mwaka 1951, Halmashauri ya Jiji ikamwajiri.

Yafaa tuwakumbushe vijana Nairobi ilivyokuwa. Ilikuwa imepewa hati ya kuwa Jiji tarehe 30 Machi 1950, kwa gwaride na fahari nyingi, na haikupita miezi miwili wafanyakazi wakagoma baada ya viongozi wao, Makhan Singh na Fred Kubai, kukamatwa. Waafrika ndio waliokuwa wengi katika Jiji, lakini katika Halmashauri walikuwa wachache mno, tena wa kuteuliwa. Palikuwapo Baraza la Ushauri la Waafrika, ambamo waliketi wajumbe wa lokesheni na wa vyama vya ustawi kama hiki chetu, wakaeleza habari za taa, mabomba, kodi za nyumba na vipande. Maneno yao yaliandikwa vizuri katika kumbukumbu. Lakini jina la baraza lilieleza mpaka wake: lilishauri, wala halikukata shauri. Wakazi walilijua jambo hilo, na kadiri walivyolijua ndivyo walivyozidi kuwatilia shaka wale walioketi humo.

Shaka hiyo iliwagharimu watu maisha yao. Tom Mbotela, aliyekuwa diwani wa Jiji na kiongozi katika KAU, aliuawa mwezi Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani naye na mtu wa Luo Union, aliuawa mwaka 1953. Mitaa ya Mbotela na Ofafa iliitwa kwa majina yao, na wengi wanaokaa humo leo hawajui kuwa ni majina ya watu waliojaribu kusema kwa niaba ya wapangaji katika chumba ambamo hawakuwa na nguvu, huku nje wakihesabiwa kuwa watu wa serikali. Hatuandiki haya kumhukumu yeyote. Twaandika kwa sababu Mboya alifanya kazi katika Jiji hilo hilo, miezi hiyo hiyo.

Kazi ya bwana afya ilikuwa kukagua nyumba, masoko, vyakula na maziwa. Alimwona mpangaji chumbani mwake, akaona idadi ya waliolala humo na umbali wa bomba la maji. Mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi wa Kizungu aliyefanya kazi ile ile. Siku moja, akiwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, aliingia bibi mmoja wa Kizungu na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu. Kijana alimjibu kwa adabu yenye makali, akitaka kujua kama macho ya bibi yalikuwa na kasoro. Bibi alikasirika sana. Tunakisimulia kisa hiki, kijulikanacho na wengi, kwa kuwa kinaonyesha aina ya ofisi ambayo wakazi walitakiwa kuipelekea haja zao: ofisi ambayo hata mtumishi wake mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya meza, hakuonekana.

Wafanyakazi Waafrika wa Halmashauri walikuwa na chama chao, ambacho kazi yake haikuzidi sana chai na salamu za kuagana. Mwaka 1952 wakamchagua Mboya kuwa rais wake. Akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi cha kweli, chenye ada, daftari la wanachama na haki ya kujadiliana na mwajiri. Hapa ndipo tunapoona akili yake. Hakutaka kuketi mbele ya wakubwa akiwa mshauri tu. Alitaka kuketi akiwa na watu nyuma yake, waliohesabiwa kwa majina, na makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi na pande mbili. Halmashauri haikufurahi, na mwaka 1953 yeye na kazi ya Jiji wakaachana. Mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya.

Wakati ule Hali ya Hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa, na KAU ikapigwa marufuku mwezi Juni 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa majumbani na kupelekwa vizuizini. Vyama vya wafanyakazi vikawa karibu mahali pekee ambapo Mwafrika wa Nairobi aliweza kupeleka malalamiko yake kwa njia ya halali, nayo yakamfikia Mboya, hata yale yasiyokuwa ya kazi. Mwaka 1955 alisuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, nao wakapata nyongeza kubwa. Kisha akaenda Uingereza kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford.

Mengine tutayapita upesi. Machi 1957 alichaguliwa na Waafrika wa Nairobi kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akimshinda wakili Argwings-Kodhek. Kwa kuwa vyama vya nchi nzima vilikatazwa, akaanzisha People's Convention Party ya Nairobi, yenye matawi mitaani. Mwaka 1958 aliongoza mkutano wa Waafrika wote huko Accra akiwa na miaka 28. Mwaka 1959 wanafunzi 81 wakasafiri kwa ndege kwenda Marekani kwa juhudi zake na za wenzake. Mwaka 1960 akawa katibu mkuu wa KANU. Januari 1962 alimwoa Bi Pamela Odede. Akawa waziri wa kazi, kisha wa sheria, na mwisho wa mipango ya uchumi.

Katika uwaziri huo wa mwisho ndimo sisi hatukubaliani naye katika kila jambo. Waraka Namba 10 wa mwaka 1965, ambao alikuwa mtetezi wake mkuu, ulisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi. Kwa hesabu za nchi changa, hoja hiyo ina maana. Lakini Kibera, ambako Wanubi walikuwa wamekaa tangu mwanzo wa karne bila hati, ingeonekanaje kuwa mahali pa kuzaa faida? Yeye aliyewahi kukagua vyoo vya maskini angeweza, kwa maoni yetu, kuliuliza swali hilo kwa sauti kubwa zaidi. Wanubi walingoja hati yao hadi mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288, katika ardhi ambayo mwaka 1918 ilipimwa kuwa zaidi ya ekari 4,000. Na sheria inayoilazimu serikali ya mahali kuwasikiliza wakazi kabla ya kupanga haikuja ila na Katiba ya 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, saa za mchana, alitoka katika duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 39. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa. Wananchi wengi hawakuridhika kwamba habari iliishia kwake. Mji ulijaa ghasia na majonzi, na urafiki wa makabila mawili makubwa ukaingia ufa ambao wazee wetu waliuona kwa macho yao katika mitaa hii.

Alizikwa Rusinga, kwa baba zake. Mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa katika Moi Avenue, hatua chache kutoka alipoangukia, na watu wengi wa kwetu washukao mjini asubuhi hupita chini yake wakienda kazini.