Tom Mboya na Karo Iliyokosekana



Nimeombwa niandike juu ya misaada ya serikali kwa wanaosomea mambo ya usimamizi, kwani mimi nilisomeshwa hivyo. Nimeona afadhali nieleze habari za marehemu Tom Mboya, maana zinaanza na mtoto aliyekosa karo.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la katani huko Kilima Mbogo, ambako baba yake, mtu wa Rusinga, alikuwa nyapara. Alipokuwa Mang'u fedha za nyumbani zilikwisha, akatoka bila cheti cha mwisho. Aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo anaijua njia ile ilivyo ndefu. Akaenda Shule ya Jeanes, Kabete, akajifunza ukaguzi wa afya, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi.

Mwaka 1955 alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, akasomea usimamizi wa viwanda. Msaada huo haukutoka serikalini. Ulitoka kwa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza.

Nadhani hilo hakulisahau. Nafasi za vyuo zilizotolewa na serikali ya kikoloni zilikuwa chache mno, na shahada za Marekani zilidharauliwa. Basi mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kuomba, na vyuo vikatoa nafasi. Lakini nauli je? Mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuwachangia. Septemba mwaka huo vijana 81 walipanda ndege. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilikataa kulipia nauli, hivyo Mboya akamwendea Seneta John Kennedy nyumbani kwake mwezi Julai, na mfuko wa jamaa yake ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960.

Baada ya uhuru Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, wakati nchi ilipohitaji sana mameneja na watawala wake yenyewe. Ile Shule ya Jeanes ilikuwa imekwisha kufanywa chuo cha utawala tangu 1961. Tarehe 5 Julai, 1969, alipigwa risasi mjini Nairobi. Alikuwa na miaka 38.

Mpango wa serikali wa mikopo ya chuo kikuu ulianza mwaka 1974. Ndio ulionisomesha biashara mimi, mtoto wa mkulima asiye na ng'ombe wa kuuza. Wenzangu wengi waliudhani zawadi; barua za kudai zilipofika, walishangaa kweli kweli. Mimi nililipa pole pole hadi senti ya mwisho.

Siku ya mkutano wetu nitakaa karibu na mlango wa ukumbi. Kijana wa kidato cha nne asiyejua pa kuanzia katika kuomba msaada wa masomo na aje, tuzisome fomu pamoja.