Jalaram Bapa wa Virpur: Maisha ya Mtoto wa Mwenye Duka

Katika kuadhimisha kumbukumbu hii ya mandir yetu, tumeona inafaa kuwasimulia wasomaji maisha ya Shri Jalaram Bapa. Tunawakusudia hasa vijana wetu, pamoja na majirani zetu ambao kwa miaka mingi wameiona picha yake juu ya meza ya fedha katika maduka yetu, bila kupata habari zake. Ni picha ya mzee mwenye kilemba cheupe, ameketi kwa utulivu na fimbo mkononi. Huenda wengine wakadhani kwamba alikuwa mfalme au kuhani mkuu. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtoto wa mwenye duka katika mji mdogo, na sifa yake yote ilitokana na chakula alichowapa watu.

Virpur uko katika nchi ya Saurashtra, ambayo wazee wetu waliiita Kathiawar, kwenye njia itokayo Rajkot kwenda Jetpur na Junagadh. Mahujaji na masadhu waliokwenda kwa miguu hadi mlima Girnar walipita hapo. Jalaram alizaliwa katika mji huo mwaka 1799, yaani mwaka 1856 kwa hesabu ya Vikram Samvat, juma moja baada ya Diwali. Baba yake, Pradhan Thakkar, alikuwa mfanyabiashara wa jamaa ya Lohana. Mama yake, Rajbai, alijulikana kwa ukarimu wake kwa wasafiri, na bila shaka mtoto alijifunza kwa mama kabla ya kujifunza kwa mwalimu yeyote.

Alipofika umri wa miaka 16 aliozwa Virbai, binti wa Pragji Somaiya wa Atkot. Baba yake alitumaini kwamba ndoa ingemtuliza kijana na kumrudisha kwenye mizani na daftari la hesabu, kwa maana moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea kwa masadhu. Sisi tuliokulia dukani hatuwezi kumlaumu mzee huyo. Kathiawar ni nchi ya mvua chache. Mwaka mmoja wa ukame waweza kumaliza mtaji wa duka dogo, na wateja waliokopa hawana cha kulipa. Baba alihofia watoto wake walale njaa. Mtoto aliwaona waliokuwa wamekwisha kulala njaa. Mwishowe hawakuafikiana, Jalaram na mkewe wakahamia kwa Valjibhai, ndugu wa baba yake, ambaye alimpa kazi dukani kwake.

Hapo ndipo jina lake lilipoanza kuvuma. Masadhu walipopita, aliwapa nguo, nafaka na sukari guru. Watu wenye husuda wakampelekea ami yake habari kwamba mali yake inatapanywa. Wazee wetu husimulia kwamba Valjibhai alikagua vitu vyake kimoja kimoja, akakuta hakuna kilichopungua. Waumini huuona huo kuwa muujiza. Lakini yaliyofuata yana funzo kubwa zaidi kwa mfanyabiashara. Jalaram hakuendelea kutoa kutoka katika rafu za mtu mwingine, hata baada ya hesabu kutimia. Alitaka kutoa kilicho chake.

Akiwa na umri wa miaka 18 alikuwa mwanafunzi wa Bhoja Bhagat wa Fatehpur, mtakatifu aliyetoka katika jamaa ya wakulima. Kwa baraka za guru huyo, Jalaram na Virbai waliingia mashambani, wakavuna mazao ya watu na kupokea ujira wao kwa nafaka. Mtoto wa mwenye duka akawa kibarua. Haba na haba wakajaza ghala lao, na mwaka 1820 wakafungua sadavrat, yaani jiko la kuwalisha watu bila malipo, mchana na usiku. Aliyefika hakuulizwa ukoo wake wala dini yake. Aliulizwa kama amekula.

Ghala la watu wawili haliwezi kulisha njia nzima kwa muda mrefu. Nafaka ilipokwisha, Virbai alivua mapambo aliyopewa na wazazi wake, yakauzwa, na moto wa jiko haukuzimika. Kina mama wanaosoma habari hii wanajua uzito wa jambo hilo. Mapambo ya bibi arusi ndiyo akiba yake siku ya dhiki, na hakuna wa kumdai. Kwa hiyo tunapolitaja jina la Jalaram, haki inatutaka tulitaje na la Virbai.

Katika mji huo alikuwako fundi cherehani, jina lake Harji, aliyesumbuliwa na maumivu ya tumbo kwa muda mrefu. Alimwomba Jalaram amwombee dua, akapona, akamwinamia na kumwita Bapa, yaani baba, na tangu siku hiyo watu wote wakamwita hivyo. Harji ndiye aliyempelekea habari jirani Mwislamu aitwaye Jamal, ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa hata matabibu wakakata tamaa. Jamal aliweka nadhiri kwamba mtoto akipona atapeleka vipimo 40 vya nafaka kwenye sadavrat. Mtoto akapona, na gari la nafaka likafika mlangoni. Tunapenda kulikumbuka gari hilo. Chakula alicholeta Mwislamu kilipikwa na Mhindu, kikaliwa na yeyote aliyepita njiani.

Kuna simulizi moja ambayo masikio ya leo huipokea kwa uzito. Siku moja alifika sadhu mzee na dhaifu, akaomba apewe Virbai awe mtumishi wake. Jalaram hakujibu kwa niaba ya mkewe. Alimwuliza kwanza, na Virbai mwenyewe akakubali, akaondoka na mzee yule. Walipofika porini, mzee alimwomba amsubiri, akamwachia fimbo na mkoba, kisha akatoweka. Sauti ikasikika kwamba lilikuwa jaribio la ukarimu wao, na Virbai akarudi nyumbani. Tukiisoma kama habari ya mume aliyemtoa mkewe, hatutaielewa. Tunaielewa tukimwona Virbai kuwa mtu aliyeulizwa na aliyejibu. Fimbo na mkoba huo huonyeshwa Virpur hadi leo.

Katika njaa kuu ya mwaka 1934 wa Samvat, takriban mwaka 1878, Jalaram alikuwa mzee wa karibu miaka 80. Wazee husimulia kwamba alibaki kwenye jiko alilolianzisha pamoja na Virbai. Alifariki mwaka 1881. Picha halisi iliyopigwa takriban mwaka mmoja kabla ya kifo chake imehifadhiwa Virpur, na ndiyo asili ya picha zilizomo madukani mwetu.

Waliacha binti mmoja, Jamnabai, na wazao wake ndio walioendelea kuitunza sadavrat. Hawakurithi duka wala shamba kubwa. Walirithi wajibu wa kupika kila siku. Jambo la kustaajabisha ni kwamba tangu mwaka 2000 mandir ya Virpur haipokei michango wala sadaka yoyote. Mgeni hufika, hula, hupewa bundi na gathiya, huondoka. Mkono wa kupokea umefungwa, wa kutoa umebaki wazi.

Mababu zetu walipopanda majahazi kutoka bandari za Kathiawar kuja pwani hii, wengi wao hawakuwa na mtaji wa haja. Walikuja na jina la Bapa, wakalitundika ukutani katika duka la kwanza la mabati. Kutundika ni rahisi. Picha hiyo inatutazama kila tufungapo hesabu jioni, na haituulizi tumeuza kiasi gani.

Waswahili, ambao tumeishi nao na kujifunza hekima yao, wamekwisha kusema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Maisha ya Bapa ni ushahidi wa methali hiyo, kwani alianza kutoa akiwa kibarua. Basi tunawaomba wanachama wasingoje faida ya mwaka ujao, wala wasitake majina yao yaandikwe ukutani kabla ya kutoa gunia la mchele. Nanyi majirani zetu, siku ya Alhamisi, tunapomwimbia Bapa bhajan na kupakua chakula, mlango wa jiko letu uko wazi. Msingoje kualikwa. Pale Virpur hakuna aliyealikwa.

Jai Jalaram.