Emma Lazarus: Binti wa Tajiri Aliyevuka Mto Kwenda kwa Wakimbizi

Wiki hii ukurasa wetu wa maisha ya watu unatupeleka New York, Marekani, kwa dada mmoja Myahudi aitwaye Emma Lazarus. Wanaolijua jina lake wanalijua kwa sababu ya shairi lililoko kwenye Sanamu ya Uhuru. Lakini kabla ya shairi kulikuwa na kazi, na kazi hiyo ndiyo tunataka kuiangalia leo. Haikuwa na mshahara wala cheo. Ilikuwa ni kupanda chombo, kuvuka mto, na kuketi na watu waliofika na furushi moja tu mkononi.

Emma alizaliwa tarehe 22 Julai 1849. Baba yake, Moses Lazarus, alikuwa tajiri wa biashara ya kusafisha sukari. Ukoo wao ulikuwa New York tangu siku za ukoloni, kabla Marekani haijawa nchi. Emma hakwenda shule, maana walimu waliletwa nyumbani. Alijifunza Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Wakati wa joto familia ilihamia Newport, kando ya bahari, mahali ambapo matajiri walijenga nyumba za kupumzikia. Kusema kweli, huyu binti hakuijua njaa, na hakuna siku aliyowahi kufukuzwa kwao.

Alipenda sana kuandika. Mwaka 1866, akiwa na miaka 17, baba yake alilipia kuchapishwa kwa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Mwandishi mashuhuri Ralph Waldo Emerson akakipenda, na wakaandikiana barua kwa miaka. Kisha mwaka 1874 Emerson akatoa kitabu alichokusanya mashairi ya watu wengi. Emma akatafuta jina lake ndani, wapi! Halikuwemo. Aliumia, na hakuficha. Alimwandikia akamwambia wazi. Lakini kalamu hakuitupa, na miaka miwili baadaye alikwenda kumtembelea mzee huyo nyumbani kwake.

Kuhusu Wayahudi wenzake, Emma kijana aliandika kidogo, tena kwa mbali. Shairi moja la ujana wake lilihusu sinagogi la zamani kule Newport. Alilieleza kama mahali pa watu waliokwisha kupita, kama mtu anavyotazama picha ya babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Familia yao ilichangamana vizuri na matajiri Wakristo wa New York. Hata hivyo, mwaka 1877 tajiri mmoja Myahudi, Joseph Seligman, alinyimwa chumba katika hoteli kubwa ya Saratoga kwa sababu tu ni Myahudi. Habari hiyo ilitikisa nyumba nyingi. Kumbe pesa hazikutosha kuwafanya wenyeji kabisa.

Kisha ukaja mwaka 1881.

Mwezi Machi mwaka huo Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi aliuawa kwa bomu. Kati ya walioshtakiwa kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye asili ya Kiyahudi. Basi lawama ikatupiwa Wayahudi wote. Ghasia zilianza mji wa Elisavetgrad, ulioko Ukraine ya leo, zikaenea hadi Kiev na miji mingine mingi. Nyumba zilivunjwa, maduka yakaporwa, watu wakapigwa na wengine wakauawa. Na hapa, mpendwa, tusipite haraka. Ghasia za Elisavetgrad zilianza wiki ya Pasaka. Wengi walioshika mawe na marungu walikuwa wametoka kusherehekea ufufuo. Jambo hilo ni zito kwetu sisi tunaolibeba jina la Kristo.

Mwaka uliofuata serikali ya Urusi ikaongeza sheria za kuwabana Wayahudi. Maelfu wakafunga mizigo wakaelekea Marekani. New York kulikuwa na Wayahudi walioanzisha chama cha kuwapokea, kiitwacho Hebrew Emigrant Aid Society. Kiliwatafutia malazi, chakula, na kibarua cha kuanzia. Wengi walipelekwa Ward's Island, kisiwa kilicho kwenye mto upande wa mashariki wa jiji. Walilala kwenye mabanda ya pamoja, familia kwa familia, wakingoja kujua wataenda wapi.

Si kila Myahudi wa New York aliwafurahia. Baadhi ya wenye nafasi waliogopa. Walijiuliza, hawa maskini wanaosema Kiyidi, wenye mavazi ya kigeni, si watatuharibia jina letu tulilolijenga kwa miaka? Wengine walitoa pesa wakabaki nyumbani. Pesa ilisaidia, tena sana. Lakini Emma alikwenda mwenyewe.

Alianza kuvuka kwenda kisiwani na kujitolea katika kazi za chama. Aliketi na wakimbizi, akawasikiliza. Na alichokuta hakikufanana na picha aliyokuwa nayo kichwani. Alikuta wanaume waliosoma vyuo vikuu vya Urusi, wajuzi wa Kiebrania, Kigiriki na lugha za Ulaya, wakifanya vibarua vya chini kabisa ili wale. Hawa ndio watu ambao mjini waliitwa mzigo. Hebu fikiria, wewe una digrii yako, umefika nchi ngeni, na mtu anakutazama viatu tu.

Tangu hapo Emma akabadilika. Mwezi Aprili 1882 jarida kubwa la Century lilichapa makala iliyotoa visingizio kwa wale walioshambulia Wayahudi. Mwezi Mei, katika jarida lilo hilo, Emma alijibu hoja kwa hoja. Hakutukana Ukristo. Aliwauliza wasomaji Wakristo wautazame uovu uliofanywa na watu wa dini yao. Mwaka huo huo akatoa kitabu cha mashairi, Songs of a Semite, kilichosema waziwazi yeye ni nani. Akaanza pia kujifunza Kiebrania, lugha ya mababu zake ambayo walimu wote wale wa nyumbani hawakumfundisha.

Sasa, kuna jambo ambalo sisi wa kanisani tunalihitaji. Emma hakukisifia chama chake kila kitu kwa kuwa ni cha watu wake. Mwaka 1882 kulizuka ghasia pale Ward's Island, wakimbizi wakilalamikia jinsi walivyotunzwa. Ingekuwa rahisi kusema hawa watu hawana shukrani. Emma aliandika katika gazeti la Wayahudi kwamba hali ya kisiwani haifai. Alitaja uchafu, shida ya maji, na watu kukaa bure bila masomo wala kazi. Waliosoma gazeti hilo ndio waliokuwa wafadhili. Aliwaambia ukweli huku akiendelea kufanya kazi pamoja nao.

Aliona pia kwamba mkate wa leo hautoshi. Karne saba kabla yake, mwalimu mkubwa wa Wayahudi, Maimonides, alipanga ngazi nane za kutoa. Ngazi ya juu kabisa si kumpa mtu chakula. Ni kumshika mkono, kumpa kazi au mtaji, hadi asihitaji tena kuomba. Ndiyo maana Emma alipigania vijana wafundishwe kazi za mikono, na alikuwa miongoni mwa walioisukuma Hebrew Technical Institute, shule ya ufundi iliyoanzishwa New York mwaka 1884. Kijana aliyejua useremala au kazi ya chuma hakuwa tena wa kungoja foleni ya supu.

Mambo mengine hayakumwendea vizuri. Mwaka 1883 alianzisha chama cha kuwasaidia Wayahudi wa Ulaya Mashariki wapate makazi Palestina. Kilidumu muda mfupi tu, kikafa. Wayahudi wengine wa Marekani walimpinga. Wakati mwingine pia aliwazungumzia wageni kama mtu aliyesimama juu yao. Aliwapangia wao kuhama, lakini hakuona kama Myahudi wa Marekani kama yeye anahitaji kuhama. Alikuwa mtu wa tabaka lake. Lakini alizidi kwenda.

Mwaka huo huo wa 1883 Wamarekani walikuwa wakichangisha pesa za kujenga msingi wa mawe wa kusimamishia sanamu kubwa waliyopewa na Ufaransa. Mwandishi mmoja, Constance Cary Harrison, alimwomba Emma atoe shairi kwa ajili ya mchango huo. Emma akakataa, akasema hawezi kuandika kwa kuagizwa. Harrison akamwambia awafikirie wale wakimbizi wa Ward's Island anaopenda kuwatembelea. Hilo likamgusa. Akaandika shairi la mistari 14, The New Colossus. Waliotoa sanamu walikuwa wakifikiria uhuru na urafiki wa nchi mbili. Emma aliigeuza kuwa mama anayesimama mlangoni kuwapokea waliochoka na waliofukuzwa. Angeitoa wapi picha hiyo mtu ambaye hakuwahi kuvuka mto?

Baba yake alifariki mwaka 1885, na Emma akasafiri Ulaya. Huko ugonjwa, unaodhaniwa kuwa saratani, ukamkamata. Sanamu ilipozinduliwa Oktoba 1886 hakuwepo, na shairi lake halikusomwa. Alirudi New York akiwa hoi, akafariki tarehe 19 Novemba 1887. Alikuwa na miaka 38 tu. Hakuwa na mume wala mtoto. Watu wakalisahau shairi.

Mwaka 1901 rafiki yake Georgina Schuyler alianza juhudi za kulirudisha. Mwaka 1903 likaandikwa kwenye bamba la shaba na kuwekwa ndani ya msingi wa ile sanamu. Emma alikuwa kaburini miaka 16. Mamilioni ya wahamiaji waliipita sanamu hiyo kwa meli, na hadi leo watu wakibishana juu ya wageni Marekani, maneno yake hutajwa.

Na ile huduma? Chama cha kwanza kilivunjika baada ya muda mfupi, lakini Wayahudi wengine waliichukua kazi. Shirika la HIAS, ambalo huhesabu mwanzo wake tangu 1881, liliendelea kupokea wakimbizi, na baadaye likawafikia hata wasio Wayahudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilifungua kazi hapa kwetu Nairobi, likiwahudumia wakimbizi kutoka nchi jirani. Umeona mzunguko huo? Mbegu iliyopandwa kwa ajili ya watu wa Elisavetgrad ikaja kumpa kivuli mama kutoka Congo.

Wayahudi hawakuitoa hewani. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, inawaagiza wasivune hadi pembe za shamba, bali wawaachie maskini na mgeni. Sura hiyo hiyo inawakumbusha kumpenda mgeni kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Ruthu, mwanamke wa Moabu, aliokota masazo kwa sheria hiyo. Ni maandiko yale yale tunayobeba kwenye mkoba kila Jumapili.

Mpendwa, katika mitaa yetu wapo watu waliokimbia Somalia, Sudan Kusini, Burundi na Congo. Wengine tunanunua kwao kitenge, wengine tunaketi nao matatu moja. Tunawaombea, na sadaka tunatoa. Hayo ni mema, tusiyaache. Lakini Emma Lazarus alikuwa na pesa za kutuma na kalamu ya kuandikia, na bado aliona ni lazima aende. Wiki hii muulize jirani yako mgeni jina lake, alikuwa akifanya kazi gani kwao, na watoto wanasoma wapi. Kisha kaa kidogo, usikilize jibu.